Mlima Mmoja, Watu Wawili

Ipo sentensi moja ambayo kila kijana wa Arusha ameisikia, awe amekulia Kaloleni, Ngarenaro, Unga Limited ama kule juu Sekei: "Tafuta kazi ya kueleweka." Anaambiwa mpiga gitaa. Anaambiwa mchora katuni. Tunaambiwa sisi tunaoandika hadithi. Na siku hizi anaambiwa chalii anayesema kwamba akimaliza shule anataka kuwa mjaribu gemu, yaani mtu anayelipwa kuzipitia gemu za kompyuta na za simu kabla hazijauzwa, ili aseme zina kasoro gani.

Wazee wakisikia hivyo hucheka. Wengine hawacheki, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Mzee aliyeuza ng'ombe ili mtoto amalize kidato cha nne anamtazama kijana, anaitazama padi iliyo mkononi mwake, kisha anauliza kwa upole kabisa, "Sasa baba, huko kucheza watakulipa kwa lipi?" Kijana anajibu kwamba Ulaya na Marekani wapo watu wanaofanya kazi hiyo na wanakula vizuri. Mzee anasema huko pia wapo watu wanaolipwa kutembeza mbwa. Basi, mjadala umekwisha. Kijana anarudi kijiweni kulalamika kwamba dingi haelewi, na mzee anakwenda kwa jirani kulalamika kwamba mtoto ameharibika.

Mimi nasema mjadala huo haujaanza hata kidogo. Tazama: mzee anaikataa kazi hiyo kwa sababu anadhani ni mchezo. Kijana anaitamani kwa sababu naye anadhani ni mchezo. Wamegombana, lakini kumbe wanakubaliana! Wote wawili wanaamini kuwa duniani kuna mahali ambapo mtu hulipwa kwa kujifurahisha. Hebu tuanze kwa kuipima imani hiyo, halafu ndipo tuulize kama ndoto ya kijana ni ya kweli ama ni njozi.

Inua macho utazame Mlima Meru. Una zaidi ya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari. Mgeni anatoka kwao mbali, analipa fedha nyingi, anaingia geti la Momella, analala Miriakamba, kesho yake analala Saddle, usiku wa manane anaamka ili jua limkute kileleni. Anapiga picha, Kilimanjaro ikiwa nyuma yake kama kisiwa juu ya mawingu. Picha hiyo ataionyesha mpaka uzeeni. Lakini hakupanda peke yake. Mbele yake alitembea askari wa hifadhi mwenye bunduki, maana nyati wa Meru hawana utani. Mzigo wake ulibebwa na mpagazi, kijana wa kwetu, kutoka getini mpaka kwenye vibanda vya kulala. Njia ni ileile, vumbi ni lile lile, na hewa ikipungua inampungukia kila mtu. Ila mmoja analipa ili apande, na mwingine analipwa ili apande. Hakuna anayemsubiri mpagazi getini amwulize, "Vipi, umefurahi?"

Ukitaka kuwa mjaribu gemu kwa sababu tu unapenda gemu, unafanana na mtu anayetaka kuwa mpagazi kwa sababu ameona picha ya mgeni akicheka kileleni. Sisemi upagazi ni kazi mbaya. La hasha! Umejenga nyumba na kusomesha watoto katika vijiji vingi vya Meru. Nasema tu kwamba mpagazi na mgeni hawako kwenye safari moja, hata kama wamekanyaga jiwe moja.

Sasa mjaribu gemu anafanya nini hasa? Anapewa gemu ambayo haijaiva. Pengine anapewa kipande kimoja tu, chumba kimoja, na kazi yake kwa siku nzima ni kuusukuma ukuta wa chumba hicho, inchi kwa inchi, aone kama mchezaji anaweza kupenya mahali asipotakiwa kupenya. Akimaliza ukuta anaanza sakafu. Anazima simu katikati ya mechi, anaiwasha, anatazama kama magoli yake yamehifadhiwa. Anapigiwa simu makusudi wakati gemu inaendelea. Anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, halafu vitatu, halafu anabonyeza kama mtoto wa miaka minne angebonyeza. Akiona kasoro haruhusiwi kusema tu, "Oya, imeharibika." Lazima aandike: nilitumia simu aina fulani, toleo fulani la programu, nilifanya hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, nilitegemea hili litokee, likatokea lile. Fundi aliye mbali, asiyemjua wala kumwona, asome maandishi hayo na aweze kuipata kasoro ile ile kwa mikono yake. Kisha fundi anairekebisha, na mjaribu anarudi kupita njia yote upya, kwa maana kila tundu likizibwa huenda limefunguka lingine.

Afanye hivyo mara kumi. Mara hamsini. Gemu ile ile, chumba kile kile, muziki ule ule.

Mwaka 1938 Mholanzi mmoja, Johan Huizinga, alitoa kitabu kizima juu ya mchezo na utamaduni wa binadamu. Hoja yake mojawapo ni kwamba mchezo ni tendo la hiari. Ukilazimishwa, si mchezo tena. Kwa kipimo hicho, mtu asiyeweza kuiweka padi chini hata kama amechoka, kwa sababu ripoti inatakiwa saa kumi na moja jioni, hachezi. Anafanya kazi. Wahenga wetu nao walilijua jambo hilo bila kuandika kitabu. Walisema, "Kazi mbaya si mchezo mwema." Wazee huitumia methali hii kutuambia kwamba hata kazi duni ni bora kuliko mchezo mzuri. Naikubali. Lakini ukiisikiliza vizuri, methali inasema pia kwamba kazi na mchezo ni vitu viwili, wala kimoja hakigeuki kingine kwa kuvalishwa nguo zake. Kwa hiyo mzee hana haja ya kuogopa kwamba mwanawe atalipwa kwa kucheza. Hilo halitatokea. Na kijana naye hana haja ya kulitegemea.

Je, tumwambie basi kijana aachane na ndoto yake? Ngoja kwanza. Tumeonyesha tu kwamba kazi hiyo haina raha aliyoidhania. Hatujasema haina maana. Ili tuione maana yake, twende kwenye banda la gemu.

Mabanda haya unayajua, yapo kila mtaa: televisheni mbili tatu, PlayStation zilizochoka, benchi la mbao, na vijana waliokaa wakisubiri zamu. Humo ndani, ndugu msomaji, mna watafiti wakubwa. Mchezaji hodari wa gemu ya mpira hujua mambo ambayo hata waliotengeneza gemu hawakuyakusudia. Anajua kwamba ukimkimbiza winga mpaka mahali fulani, ukageuka ghafla na kupiga, kipa anazubaa. Si ufundi wa mpira huo. Ni kasoro ya programu. Na akishaigundua anafanyaje? Ananyamaza. Hamwambii mtu. Ile ni silaha yake, na ataitumia kuwafunga wenzake, nao watalipia mechi wakidhani wamezidiwa akili.

Mjaribu gemu anajua jambo lile lile. Amelipata kwa njia ile ile, kwa macho makali na subira. Lakini yeye akiliona analiandika na kulikabidhi, na siku ya pili halipo. Ameiua silaha yake kwa mkono wake mwenyewe. Gemu itakapotoka atacheza kama mtu yeyote mwingine, bila njia ya mkato, na watoto wa Mianzini na wa Manila watakaoicheza hawatajua kamwe kwamba palikuwa na tundu na kwamba kuna mtu aliyeliziba.

Hapa ndipo ninapoiona tofauti, na kwangu mimi si tofauti ya mshahara wala ya cheti. Ni tofauti ya tabia. Kuna anayegundua udhaifu wa kitu na kuuweka mfukoni, na kuna anayeugundua na kuutoa ili wote wacheze sawa. Kila mmoja wetu anaweza kuwa wa kwanza. Wa pili ni lazima ajifunze kuwa hivyo, na kujifunza huko kunauma, kwa sababu unapoteza kitu halisi ili mtu usiyemjua apate kitu ambacho hatajua amekipata.

Kazi kama hii si ngeni kwetu. Kahawa inayolimwa kwenye miteremko ya Meru husafirishwa hadi Moshi kwenye mnada, na kabla ya kuuzwa lazima ipimwe. Punje hupewa madaraja kwa ukubwa na umbo, AA, A, B na kadhalika, lakini ukubwa hausemi utamu. Utamu unasemwa na mwonjaji. Yeye huchovya kijiko katika kikombe, huvuta kahawa kwa kishindo mpaka imsambae mdomoni, kisha huitema. Huenda kikombe cha pili, cha tatu, cha ishirini. Mtu asiyejua angesema, "Huyu anakunywa kahawa bure kutwa nzima!" Kumbe hanywi. Angekuwa anakunywa, ulimi wake ungekwisha lewa kabla ya saa sita, na mkulima wa Nkoaranga angepewa bei isiyo yake. Anajinyima kikombe ili aseme kweli juu ya kikombe. Na kweli yake haimpendelei mwenye shamba wala mnunuzi. Akisema uongo kwa kumhurumia mmoja, amemwibia mwingine.

Labda utaniambia: kahawa ni chakula cha watu, gemu ni upuuzi, gemu ikiwa na kasoro nani anakufa? Ni swali la haki, nami sitalikwepa. Desemba 2020 gemu iitwayo Cyberpunk 2077 ilitolewa na kampuni ya Poland, CD Projekt, baada ya kuahirishwa mara tatu mwaka huo huo. Ilikuwa imejaa kasoro, hasa kwenye mashine za zamani, kiasi kwamba kampuni ya Sony iliiondoa kwenye duka lake la mtandaoni na kuwarudishia wanunuzi fedha zao. Hakufa mtu, kweli. Lakini watu walikuwa wametoa pesa waliyoitolea jasho, wakapewa kitu kibovu. Mahali popote pesa ya jasho inapopokelewa, ukweli unadaiwa, hata kama kinachouzwa ni mchezo.

Kisha fikiria kwamba ujuzi huu hauishii kwenye gemu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na hapa Tanzania mwaka 2008. Leo bibi aliyeko Ngarenanyuki anapokea kwa simu pesa ya mjukuu aliyeko Dar es Salaam. Kabla ya programu kama hiyo kumfikia bibi, kuna mtu lazima ajiulize maswali yale yale ya mjaribu gemu: mtandao ukikatika katikati, pesa iko wapi? Akibonyeza mara mbili kwa kutetemeka mkono, zitatoka mara mbili? Ujumbe ukija kwa maneno asiyoyaelewa, atafanyaje? Na mtu huyo akiliona tundu ambalo pesa inaweza kupotelea, tuko palepale pa bandani: analiweka mfukoni ama analitoa? Tofauti ni kwamba safari hii anayefungwa magoli si mshikaji wa mtaani. Ni bibi.

Kwa hiyo kijana anapoambiwa atafute kazi ya kueleweka, nashauri tuliulize neno lenyewe: inayoeleweka na nani? Kazi nyingi tunazoziheshimu leo, ukarani, udereva, uongoza watalii, kuna siku zilikuwa hazieleweki kwa wazee wa wakati huo. Kazi haiwi ya kueleweka kwa sababu babu alikuwa na jina lake. Inaeleweka ikiwa unaweza kumwonyesha mtu nani anaihitaji, na nani ataumia ukiifanya vibaya. Kwa kipimo hicho, mjaribu gemu na mjaribu wa programu yoyote anayo kazi.

Lakini ukweli uwe pande zote. Nikimsifu mpagazi halafu ninyamaze juu ya uzito wa mzigo wake, nitakuwa nimemdanganya. Anayefanya kazi hii anadaiwa ukweli, sawa. Je, yeye anadai nini?

Anza na Tanga. Mwishoni mwa mwaka 2017 mashindano ya kimataifa yanayoitwa Global Learning XPRIZE, yaliyofadhiliwa na tajiri Elon Musk, yalipeleka kompyuta bapa kwa karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 hivi vya mkoa huo. Serikali yetu ilishiriki, pamoja na UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Ndani ya kompyuta hizo mlikuwa na programu tano zilizoshindana, za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na nyingi ya sehemu zake zilikuwa za mchezo mchezo. Watoto wengi hawakuwahi kukanyaga shule. Zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Walizitumia kwa miezi 15. Mwezi Mei 2019 washindi wakatangazwa: Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni 10.

Nani aliyegundua kwamba programu hizi mbili zinafundisha kuliko nyingine? Mafundi walizitengeneza, wataalamu walisahihisha mitihani, lakini waliozijaribu ni wale watoto. Jaribio liliwanufaisha, maana wengi walitoka wakijua kusoma maneno, na programu zenyewe zikaachwa wazi ili yeyote azichukue bure. Kwa hiyo sisemi waliibiwa. Nasema tu kwamba tukihesabu waliochangia kazi ile, tuwahesabu na wao. Mjaribu hata akiwa na miaka minane ni mshiriki wa kazi, si sakafu ya kukanyagia.

Sasa nenda Marekani, huko anakokusema kijana wetu. Katika kampuni ya Raven Software ya jimbo la Wisconsin, Desemba 2021, wajaribu gemu 12 waliambiwa kwamba mikataba yao haitaendelea, wakati wenzao walikuwa wanatarajia hali kuwa nzuri zaidi. Wafanyakazi zaidi ya 60 wakaacha kazi kwa mgomo. Mwezi Mei 2022 wajaribu wa kampuni hiyo wakapiga kura ya kuunda chama chao, 19 wakakubali na 3 wakakataa. Januari 2023 wajaribu wapatao 300 wa kampuni ya ZeniMax, iliyo chini ya Microsoft, nao wakapata chama. Kumbe hata huko kunakosifiwa, mjaribu mara nyingi alikuwa mtu wa mkataba mfupi, wa mwisho kuajiriwa na wa kwanza kuachishwa. Kama wapagazi wa Kilimanjaro, ambao mpaka ikafikia kuwekwa kikomo cha kilo 20 kwa mzigo, palikuwa pamesemwa mengi.

Na hapa jirani, Nairobi, Januari 2023 jarida la TIME liliripoti juu ya vijana wa Kenya waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kupanga maandishi machafu mno, ili programu ya ChatGPT ifundishwe kuyaepuka. Hiyo nayo ni aina ya ukaguzi. Kazi za kukagua mashine zinakuja Afrika Mashariki, tusidanganyane. Swali ni zinakuja kwa bei gani, na nani anaijua bei hiyo kabla hajaweka sahihi. Kijana anayesema, "Mimi nipeni tu, hata bure, kwa kuwa naipenda," anadhani anajishushia yeye peke yake. Amemshushia na aliye nyuma yake kwenye foleni. Kipendacho moyo ni dawa, wamesema, na mwenye kuuza dawa anajua mgonjwa habishani bei.

Tukiyajua hayo yote, kijana wa Arusha afanye nini? Nisimtie ukungu machoni. Utengenezaji wa gemu katika kanda yetu ni mdogo. Mkenya Wesley Kirinya alitoa gemu yake, The Adventures of Nyangi, mwaka 2007, na baadaye akashirikiana na Mghana Eyram Tawia kuanzisha Leti Arts. Wapo na wengine. Lakini katika kampuni ndogo, mtengenezaji ndiye mjaribu, na rafiki zake ndio wasaidizi. Mtu anayesubiri tangazo la kazi libandikwe pale Mnara wa Saa, "Anatakiwa mjaribu gemu," atasubiri sana. Mlango ulio wazi zaidi ni ule wa kujaribu programu za kila aina: za benki, za shule, za hospitali, za tiketi za mabasi, na gemu ikiwa mojawapo. Vyuo tunavyo. Chuo cha Ufundi kipo hapa mjini, Chuo cha Uhasibu kipo Njiro na kinafundisha kompyuta pia, na Taasisi ya Nelson Mandela ipo Tengeru kwa waliokwisha pata shahada.

Upo na mlango mwingine, na huu nauonyesha kwenu ninyi mnaosoma kurasa hizi kwa sababu mnaandika. Ni kujaribu lugha. Programu nyingi huzaliwa katika Kiingereza, ambamo wingi wa kitu mara nyingi ni kuongeza herufi moja mwishoni. Fundi anaandika sentensi moja, anaacha nafasi ya namba, anaona amemaliza. Ikiletwa kwenye Kiswahili inasema, "Kitabu 3 kimefunguliwa." Mashine haijui kwamba kwetu namba ikibadilika inagusa sentensi yote: vitabu 3 vimefunguliwa, mlango 1 umefungwa, milango 2 imefungwa. Mtoto wa darasa la pili anayejifunza kusoma kwa programu hiyo atafundishwa makosa na mwalimu asiyechoka wala kuona haya. Nani ataliona kosa hilo? Si fundi wa ng'ambo. Ni mtu mwenye sikio la Kiswahili na subira ya kuandika ripoti inayoeleweka. Nyinyi mnaogombana usiku kucha juu ya neno moja katika hadithi mnayo sehemu kubwa ya mtaji huo tayari.

Kuna njia rahisi ya kujijua, nayo haigharimu kitu. Chukua gemu unayoipenda kuliko zote. Tafuta kasoro moja, ile unayoitumia kuwafungia wenzako. Iandike hatua kwa hatua, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, mpe mtu asiyejua gemu kabisa, dada yako au mama, aone kama anaweza kuirudia kwa kufuata maandishi yako tu. Akishindwa, kosa si lake, andika upya. Fanya hivyo kwa kasoro ishirini. Kisha waonyeshe washkaji wa bandani siri yako uliyoificha, wote, siku moja. Kama baada ya hapo gemu imekutapika, basi wewe ni mchezaji, na si aibu. Kacheze, utafute riziki kwingine. Lakini kama umeona raha ya aina nyingine, ile ya kitu kilichonyooka kwa sababu wewe ulisema kilipopinda, basi ndoto yako ina miguu.

Na hapo ndipo utakapokuwa na la kumjibu mzee. Usimwambie tena kwamba Ulaya watu wanalipwa kucheza. Mwambie, "Baba, unamjua mwonja kahawa? Kazi yangu ni kama hiyo." Mwambie utakuwa unapanda mlima ili wengine waufurahie, na kwamba umeshauliza mzigo una kilo ngapi. Huenda asikubali. Mzee aliyeuza ng'ombe ana haki ya kuuliza maswali mengi. Lakini safari hii atakuwa anauliza juu ya kazi, nawe utakuwa unajibu juu ya kazi.